Chumvi Kisimani kwa Koko

Choo chetu kilikuwa na shimo refu kuliko vyoo vyote vya upande wetu wa Lemara, na baba alijivunia jambo hilo kama mtu mwingine anavyojivunia ng'ombe. Ilikuwa bado enzi ya Mwingereza. Bwana Afya alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, akiamuru kila mwenye mji achimbe choo, na asiyechimba apelekwe barazani kushtakiwa. Watu wengi walichimba shimo la kufika kiunoni, wakaliezekea majani ya migomba, wakasema wamemaliza. Baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa fundi seremala na mzee wa kanisa, na kazi ya nusu ilimchukiza. Yeye na vibarua wawili walichimba majuma matatu. Walipita udongo mwekundu, wakalitoboa tabaka la udongo mgumu wa kijivu ambalo sururu ilikuwa ikidunda juu yake, wakafika kwenye mchanga mweusi wa mlima, ule mwepesi wenye chembe kama makaa. Kibarua aliyekuwa chini alipiga kelele kwamba miguu inapata baridi, mchanga una maji. Baba akasema basi, panatosha.

Bwana Afya aliporudi kukagua, alichungulia, akadondosha kijiwe, akasikiliza. Kisha akawaita majirani waje waone. "Choo ni hiki," aliwaambia. "Vile vyenu ni mashimo ya kuku." Baba hakucheka, lakini jioni ile mama aliniambia jikoni, "Baba yako leo ameshiba kabla ya chakula."

Kiwanja chetu kilikuwa kwenye mteremko. Ukishuka hatua kama hamsini kupita migomba yetu, unafika kwa mama mmoja mzee wa Kiarusha aliyeishi peke yake. Sote tulimwita Koko, maana ndivyo watoto wa Kimaa wanavyomwita bibi. Marehemu mumewe alichimba kisima na kukijengea mawe, na kwa kuwa mto ulikuwa mbali, nyumba sita au saba tulichota pale. Koko hakumnyima mtu maji. Alichokataa ni fujo. Alikaa kwenye kigoda karibu na kisima, fimbo mapajani, na mtoto aliyeruka zamu au kutumbukiza ndoo chafu alichapwa miguuni hata kama mama yake anatazama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Na sisi wengi wetu, Wameru na Wachaga tulioshuka kutafuta kazi mjini, hatukujua Kimaa. Kwa hiyo watu waliyazoea maji yake, lakini yeye mwenyewe hawakumzoea.

Miezi michache baada ya choo chetu kuanza kutumika, masika yalishuka, na homa ikaingia mtaani. Ilianza kwa mzee mmoja wa nyumba ya chini kabisa, ambaye alipona. Kisha wakaugua watoto wawili wa dereva wa lori aliyekuwa jirani wa Koko. Ilikuwa homa isiyoshuka, na tumbo, na kuweweseka mchana kweupe. Mkubwa alinusurika. Mdogo, msichana wa miaka saba hivi, alikufa hospitalini. Mtoto yule alikuwa na tabia ya kunisubiri njiani nikitoka shule ili anipokee mfuko wangu wa madaftari, atembee nao mpaka mlangoni kwetu akijifanya mwanafunzi. Mazikoni mama yake hakulia. Alisimama tu, ameshika kitambaa cha mtoto cha kichwani, akikikunja na kukikunjua.

Ni matangani ndipo nilipolisikia neno lenyewe mara ya kwanza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya ndizi alisema, "Wote wanaougua wanachota mahali pamoja."

Mwingine akauliza, "Na mwenyewe mbona haumwi?"

Visu vikaendelea kufanya kazi. Halafu mtu akakumbuka kwamba marehemu alichapwa fimbo na Koko pale kisimani mwezi uliopita, na kwamba Koko alisema maneno kwa Kimaa wakati wa kumchapa. Mama yangu aliniambia niende nikaangalie moto. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilijua kwa nini ananiondoa.

Shule yangu ilikuwa ya kati, ya misheni, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Darasa la sita tulikuwa wasichana watano. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana kutoka Bukoba, mwenye meno meupe. Sisi tuliozaliwa chini ya Meru meno yetu ni ya kahawia, na siku yake ya kwanza alituambia kwamba huo si uchafu, ni maji ya mlima ndiyo yanayoyapaka rangi. Tangu hapo nilimwamini kwa kila alichosema kuhusu maji.

Wiki mbili baada ya yale mazishi alileta darasani sanduku jembamba lenye kioo mbele na nyuma, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Mbao zake alizipiga randa baba yangu, kwa maana shule ilimwita kwa kazi kama hizo. Ndani, mwalimu alikuwa amepanga ardhi: chini mchanga mweusi, juu yake tabaka la udongo wa mfinyanzi, juu kabisa udongo wa shambani. Upande mmoja alisimamisha kopo jembamba lililotobolewa matundu kwa msumari, likashuka mpaka mchangani. Hicho kilikuwa kisima. Upande wa pili alichomeka vipande viwili vya tete, kimoja kifupi na kimoja kirefu. Hivyo vilikuwa vyoo.

Aliinua sanduku upande wa vyoo kwa kipande cha tofali, akamimina maji polepole upande ule wa juu, na baada ya muda maji yakaanza kudondoka kwenye bakuli kupitia tundu la upande wa chini.

"Mnaona," alisema. "Maji ya ardhini hayakai kama ya mtungini. Yanatembea. Polepole, lakini yanatembea, tena yanafuata mteremko."

Alitia punje chache za dawa ile ya zambarau ya kuoshea vidonda ndani ya tete fupi, akaongeza maji. Rangi ikatoka, ikatandaa juu ya udongo wa mfinyanzi, ikakaa pale. Kisha akatia punje kwenye tete refu, ambalo lilikuwa limelitoboa lile tabaka la mfinyanzi na kufika mchangani. Kwa muda hatukuona kitu. Mwalimu akachukua mpira mwembamba, akauingiza kwenye kopo, akaanza kuvuta maji kidogo kidogo na kuyamimina kwenye glasi.

"Huyu ni mama anachota maji ya asubuhi," alisema. "Huyu ni mwingine. Huyu ni mwingine."

Nyuma ya kioo, ulimi wa zambarau ukachomoza chini ya tete refu. Kila mwalimu alipovuta maji, ulimi ule ulisogea. Haukwenda juu wala nyuma. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo, na ulivyokaribia uliharakisha. Alipovuta mara ya sita au ya saba, maji ya kwenye glasi yalikuwa na rangi ya waridi, na wenzangu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika ukingo wa dawati. Nilichokiona mle ndani hakikuwa tete wala kopo. Niliona migomba yetu, hatua hamsini, na kigoda cha Koko. Nilisikia sururu ikidunda juu ya udongo wa kijivu na sauti ya kibarua ikisema miguu inapata baridi. Nikajua kitu ambacho hakuna mtu mwingine Lemara aliyekijua, na nikatamani nisingekwenda shule siku ile.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Nilimwuliza mwalimu, "Kama kisima kiko hatua hamsini chini ya choo, itafika?"

"Inategemea udongo. Choo chenyewe kirefu?"

"Kirefu sana. Kimefika kwenye mchanga mweusi."

Aliacha kufuta ubao. "Choo cha nani?"

Hakuhitaji jibu, kwa kuwa habari za choo cha baba zilikuwa zimefika mpaka misheni. Akafunga mlango, akarudi, akazungumza kwa sauti ya chini. "Baba yako ni mzee wa kanisa, na mimi ni mwalimu wa kanisa hilo hilo. Nikimwendea na maneno haya bila uhakika, nitafungasha mizigo yangu kesho."

"Uhakika unapatikanaje, mwalimu?"

Alifikiri. "Rangi haifai, udongo mwingi utaishika njiani. Chumvi haishikwi. Wachimba visima hutia chumvi upande mmoja wakaja kuionja upande wa pili." Kisha akaonekana kujuta. "Lakini hiyo ni kazi ya Bwana Afya, si ya mtoto. Umenisikia?"

Nilisema nimemsikia. Leo, nikiwa mtu mzima, najua kwamba alikuwa anaogopa kama mimi. Siku ile niliona tu kwamba ameniacha peke yangu.

Hofu yangu haikuwa moja. Niliogopa kwamba sisi ndio tuliomwua yule mtoto. Niliogopa kumwambia baba. Hakuwa mpigaji, lakini alikuwa na namna ya kunyamaza iliyokuwa ikinifanya nitamani anipige. Niliogopa kwa ajili ya mdogo wangu, msichana wa miaka mitatu, aliyekuwa akichota maji ya ndoo kwa kiganja kila alipojisikia. Na kila siku niliogopa zaidi kwa ajili ya Koko. Watu walikuwa wamekwisha acha kumwamkia. Wanawake walichota maji yake wakiwa wamegeuza uso, na baadhi ya wanaume walisema wazi kwamba mtu kama yule hafukuzwi kwa maneno, hufukuzwa kwa moto.

Ghalani tulikuwa na mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Kwa siku tatu mfululizo, alasiri mama akiwa shambani, nilichota chumvi kwa kopo la jamu, nikaimwaga chooni, nikafuatisha ndoo mbili za maji. Nyingine ilimwagika mlangoni, nikaifagia kwa jani. Nilihesabu makopo kumi na manne. Kisha nikaanza kungoja.

Nilimwambia mama kwamba mwalimu ameagiza maji ya kunywa yachemshwe. "Na kuni za kuchemshia atazileta mwalimu?" aliuliza. Nikasema nitaleta mimi. Nikawa naamka mapema kuokota kuni, nachemsha maji, yakipoa naonja. Siku ya nne ya kungoja hayakuwa na kitu. Siku ya sita, hayana kitu. Nikaanza kufurahi. Nilijiambia kwamba sanduku la kioo ni sanduku la kioo, na ardhi ya Mungu ni kitu kingine. Siku ya nane nilipotoka shule nilimkuta mdogo wangu amelala kwenye ngozi jikoni, macho mazito, na nilipomgusa nilirudisha mkono. Alikuwa wa moto.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, mama alimbeba mgongoni akaenda naye hospitali ya mjini. Mimi niliachwa kuangalia nyumba. Sikuonja maji siku ile. Nilikaa mlangoni nikimwomba Mungu anichukue mimi.

Jua lilipopanda nilisikia kelele upande wa chini. Nilishuka kupitia migombani, na kabla sijafika nilisikia neno moja likirudiwa na midomo mingi. Chumvi. Mwanamke mmoja alikuwa ameonja maji kisimani akayatema, akamwita mwenzake aonje, naye akatema. Maji yana chumvi. Koko ametia kitu.

Nilisimama nyuma ya mgomba. Nilikuwa nimetafuta ukweli, na ukweli ule ulipofika kisimani, watu waliukuta mikononi mwa Koko.

Palikuwa na watu kama ishirini uani kwake. Dereva wa lori, yule aliyefiwa, alisimama mbele. Karibu na mguu wake palikuwa na debe la mafuta ya taa, ameliweka chini kwa utulivu kama mtu aliyetoka nalo dukani. Koko alikuwa kwenye kigoda chake. Alishika fimbo kwa mikono miwili na alikuwa akimtazama kila mtu kwa zamu.

"Kwa nini wewe huumwi?" mtu alimwuliza.

"Mimi nakunywa chai," Koko alisema. "Maji ya baridi inauma meno."

Kama wangesikiliza, wangeona kwamba amejibu. Chai ni maji yaliyochemka. Lakini hawakuwa wamekuja kusikiliza majibu.

Vijana wawili wakaja na baba yangu. Walikuwa wamemfuata kanisani alikokuwa akitengeneza viti, ili mzee wa kanisa awepo, lisionekane jambo la wahuni. Alikuwa na vumbi la randa kwenye nyusi. Aliteka maji kwa kata, akaonja, akatema. Kisha akamgeukia Koko, na kwa sauti ile ile aliyosomea Maandiko akauliza, "Mama, umetia nini kisimani?"

Sikumbuki kutoka nyuma ya mgomba. Nakumbuka tu kwamba nilijikuta nimesimama katikati yao na nilikuwa nimeanza kusema.

"Ni chumvi ya ng'ombe, baba. Niliimwaga mimi."

Wote waligeuka. Mtu alinishika bega kwa nguvu. Baba akauliza, "Kisimani?"

"Hapana. Chooni. Chooni kwetu."

Mtu mmoja alicheka kicheko kifupi. Dereva akasema, "Mtoto huyu anasema nini?" Nikaendelea, kwa kuwa niliona nikinyamaza sitaweza kuanza tena. Nilieleza sanduku, mchanga, udongo wa mfinyanzi, tete refu. Maneno yalitoka yamechanganyika, Kiswahili na Kimeru. Nilisema nilianza kutia chumvi siku kumi na moja zilizopita ili nijue, na sasa imefika, na kama chumvi imefika basi na mengine yamefika.

"Nani alikutuma?" baba aliuliza.

Nilimfikiria mwalimu na mizigo yake. "Hakuna."

Baba akaniacha, akapanda kwetu kwa miguu. Tulimwona akiingia ghalani. Alipotoka alikuwa ameubeba mfuko wa chumvi, uliobaki chini ya nusu, akaushusha mbele ya watu. Kisha akasema, "Ngojeni. Nakwenda kumleta mwalimu. Asiguswe huyu mama mpaka nirudi."

"Na usiporudi?" dereva aliuliza.

"Mwanangu namwacha hapa."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Ninapoikumbuka hofu ya siku zile, saa zile mbili ndizo ninazokumbuka kwanza. Hakuna aliyeondoka. Watu walikaa chini, wakasema kwa sauti ndogo, wakanitazama. Hakuna aliyetaka kuwa karibu na Koko, kwa hiyo mahali penye nafasi palikuwa pale tu, nikakaa ardhini karibu na kigoda chake. Alinukia maziwa na moshi. Mara moja aliinama akaniambia jambo kwa Kimaa, maneno machache, na mimi sikuyaelewa, nikaona haya kumwuliza. Dereva alikaa na debe lake katikati ya magoti. Nilihesabu mikunjo ya kifuniko cha debe. Nilimwaza mdogo wangu mgongoni kwa mama. Nilitaka kujisaidia na sikuthubutu kuomba ruhusa.

Baba alirudi akisukuma baiskeli, sanduku limefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa kamba za ngozi, mwalimu akilishikilia lisianguke. Waliliweka juu ya kinu kilichopinduliwa, uani kwa Koko, jua likalipiga. Mwalimu akamwaga dawa nusu chini. Alianza kuomba radhi, mara kwa wazee, mara kwa baba.

"Fanya kama ulivyofanya darasani," baba alimwambia. "Usinionee haya."

Basi mwalimu akafanya. Alieleza kwa ufupi, bila mzaha wa darasani. Rangi ya tete fupi ilikaa juu ya mfinyanzi kama mwanzo. Baba akachutama mpaka uso wake ukawa karibu na kioo.

"Na hili refu?"

"Ni choo kilichotoboa udongo mgumu, mzee."

"Kikafika mchangani."

"Ndiyo, mzee."

Ulimi wa zambarau ukachomoza. Mwalimu alipotaka kuvuta maji, dereva alisimama, akasema atavuta mwenyewe. Alichukua mpira, akavuta kwa mdomo, akatema kwenye glasi, akavuta tena. Tulimwangalia akivuta na kutema, kifua kikipanda na kushuka, mpaka maji ya glasi yakageuka waridi. Alikaa ameishika glasi ile kwenye mwanga. Hakuna aliyepiga makofi.

Baba alisimama, akavua kofia. "Choo ni changu," alisema. "Ule udongo mgumu niliutoboa mimi."

"Bwana Afya alikisifu," dereva alisema, sauti haina nguvu.

"Alikisifu. Lakini nilichimba mimi."

Nilifikiri dereva atampiga. Nadhani baba pia alifikiri hivyo, kwa kuwa hakuinua mikono wala hakurudi nyuma. Dereva aliiweka glasi juu ya kinu kwa uangalifu, akageuka, akaenda kwake na kufunga mlango. Debe aliliacha pale pale. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Wengine walipopita mbele ya Koko waliinamisha kichwa, wengine hawakuweza hata hilo. Baba alipomwendea Koko kumwomba msamaha, Koko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua kigoda chake akaingia nacho ndani.

Jumatatu baba alianza kukifukia kile choo. Alichimba kingine pembeni kabisa mwa kiwanja, upande usioelekea kisima, mbali na kila kitu, kifupi, na safari hii alichimba peke yake. Bwana Afya alikuja, akaamuru kisima kifukiwe, akatuhutubia juu ya vyoo vinavyozidi kina. Hakuna aliyemkumbusha neno lake la mwanzo. Mwalimu hakufukuzwa. Baba alimwandikia mchungaji barua kwamba kosa ni lake, na katika barua hiyo hiyo akaomba aondolewe uzee wa kanisa.

Mdogo wangu alilala hospitalini wiki tano. Kwa wiki mbili za kwanza kila nilipomwona mtu akija njiani kwa haraka nilijificha, nikidhani amebeba habari. Alipona. Nywele zilimtoka zote, akawa na kichwa laini kama yai, na alikataa kuvaa kitambaa. Daktari aliwaambia wazazi wangu kwamba mtu mzima anaweza kuugua homa ile, akapona, akatembea na kufanya kazi, na bado akaendelea kuitoa kila aendapo chooni kwa miaka. Baba aliwahi kuugua homa ndefu mwaka mmoja kabla ya kuchimba choo. Mama aliniambia maneno ya daktari mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, na nyumbani kwetu hayakutajwa tena.

Koko alihamia Olasiti kwa binti yake kabla masika hayajaisha. Mama alimpelekea ndizi na sukari, nami nilikwenda naye. Binti alitupokea vizuri. Koko alikuwa ndani, hakutoka. Mimi nilimwuliza binti kama anaweza kunitafsiria maneno fulani ya Kimaa, lakini nilipojaribu kuyatamka niligundua sauti imenibakia na maneno yamepotea.

Tangu kisima kilipofukiwa tulichota mtoni, wote. Ilikuwa mbali, na kupanda na ndoo kichwani kulichosha. Kwa karibu mwaka mzima mke wa dereva alikuwa akituona tumefika, anakaa pembeni mpaka tujaze tuondoke. Asubuhi moja ya baridi, mlima umefunikwa wote, tulimkuta ameshajaza na hakuna mtu wa kumtwisha. Alijaribu mara mbili akashindwa. Mama aliweka ndoo yake chini, akamwendea, akashika upande mmoja. Yule mama alisita, kisha akashika upande wa pili. Waliinua pamoja, akaiweka sawa kichwani, akapanda njia bila kugeuka. Mama alibaki amesimama majini, akiniambia nijaze haraka, tutachelewa.